Ujira wa haki uanzie mlangoni mwetu

Kila ifikapo tarehe 1 Mei, Wakenya hutega masikio kumsikiliza Rais, ili wajue iwapo kima cha chini cha mshahara kitaongezwa au la. Makofi hupigwa, viongozi wa vyama vya wafanyakazi hutoa shukrani au malalamiko, na kabla juma halijamalizika kadhia yote husahauliwa hadi mwaka unaofuata. Swali ambalo aghalabu haliulizwi ni hili: tangazo hilo likishatoka Nairobi, ni nani huku Migori na Homa Bay hulipokea na kulifikisha kwa yule aliyekusudiwa?

Hebu tutazame mfano mmoja. Mwaka 2024 serikali iliongeza kima hicho kwa asilimia 6, na amri yenyewe ikaanza kutumika tarehe 1 Novemba mwaka huo. Katika daraja la chini kabisa la amri hiyo wametajwa mfagiaji, mtunza bustani, yaya, mtumishi wa nyumbani, bawabu wa mchana na tarishi. Hao, kwa mujibu wa amri hiyo, hawakustahili kulipwa chini ya shilingi 16,113 kwa mwezi jijini Nairobi, wala chini ya shilingi 14,866 katika miji iliyokuwa manispaa, wala chini ya shilingi 8,596 kwingineko. Hesabu hiyo ni kabla ya posho ya nyumba. Miji ya Homa Bay na Migori ilikuwa manispaa. Kwa hiyo yaya anayelea mtoto mjini Homa Bay alistahili kiwango cha kati, na mwenzake wa kijijini Nyatike au Suba alistahili kile cha chini.

Sasa namwomba msomaji aweke gazeti chini kwa dakika moja, ajiulize yaya wa nyumbani kwake hupata kiasi gani. Asinijibu mimi. Ajijibu mwenyewe.

Hapana shaka kwamba kaunti hizi mbili zina jasho jingi lisilopimwa ipasavyo. Huko Awendo, miwa imekuwa uti wa mgongo wa uchumi tangu kiwanda cha Sony kilipoanzishwa mnamo 1979. Kiwanda hicho kilikodishwa kwa mwekezaji wa kibinafsi mwaka 2025, huku wafanyakazi wakidai malimbikizo ya mishahara ya miezi mingi. Nje ya lango la kiwanda wapo wakata miwa, ambao malipo yao hufuata tani na wala si mwezi. Huko Nyatike, mgodi wa Macalder ulifungwa mwaka 1966, lakini dhahabu haikuisha. Wachimbaji wadogo wangali wanateremka mashimoni, na akina mama wangali wanaponda mawe juani kwa malipo ya kukadiriwa kwa macho. Nako ziwani, kuanzia Karungu hadi Mbita, baharia wa mashua ya omena hana mshahara bali ana fungu, ambalo hugawanywa baada ya mwenye mashua kuondoa gharama za mafuta, taa na nyavu.

Katika kazi za namna hii hakuna hati ya mshahara. Iliyopo ni kumbukumbu ya mwajiri tu, na kumbukumbu hiyo ina desturi ya kusahau upande mmoja.

Walimu wanalijua jambo hili vyema kuliko watu wengi. Wanajua kwamba haki isiyoandikwa huyeyuka, na kwamba hata ile iliyoandikwa huhitaji mlinzi. Mnamo Oktoba 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, chama cha walimu, Knut, kikiongozwa na marehemu Ambrose Adongo, kiligoma na kupata mapatano ya nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, iliyokusudiwa kulipwa kwa awamu 5. Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ulipopita, serikali ikasema haina fedha, na mwaka 1998 walimu wakarudi tena barabarani. Mnamo 2015 mahakama iliwapa nyongeza ya kati ya asilimia 50 na 60, wakagoma kwa majuma 5 kuidai, na mwezi Novemba Mahakama ya Rufaa ikaifuta. Kisha wakaja walimu wanagenzi wa sekondari msingi, ambao tangu 2023 walifundisha vipindi vile vile kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mnamo Aprili 2024 mahakama ya kazi iliamua kwamba Tume ya Kuwaajiri Walimu haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Mwezi uliofuata wengi wao walisusia kazi. Hatimaye zaidi ya walimu 46,000 waliingizwa katika ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025.

Historia hiyo ni ya kujivunia. Lakini pana upande wake wa pili ambao hatupendi kuutaja, nami nitaanza kwa kujitaja mwenyewe.

Wakati wa mgomo wa 2015 nilikuwa mwalimu. Tume ilizuia mishahara yetu ya Septemba, nasi tukalalamika kwa sauti kubwa, na tulikuwa na haki ya kulalamika. Nyumbani kwangu alikuwako binti aliyemlea mwanangu. Mwisho wa mwezi ulipofika nilimwambia, bila hata kumtazama usoni, "Wajua sisi hatujalipwa, ngoja." Akaitika, "Sawa, mwalimu," akaendelea kufua. Hakugoma. Hakuwa na chama, hakuwa na wakili, wala hakuwa na gazeti la kumwandikia habari zake. Mimi nilikosa mshahara kwa sababu nilikataa kufanya kazi. Yeye aliukosa ilhali hakukosa kazi hata siku moja. Ilinichukua miaka kadhaa kuiona tofauti hiyo, na ninaona aibu kuiandika hapa.

Basi tuseme wazi. Katika shule zetu nyingi yumo mwalimu aliyeajiriwa na halmashauri ya shule, ambaye malipo yake hutegemea karo iliyokusanywa. Yumo mpishi anayeamka kabla ya alfajiri kuwasha kuni. Yumo bawabu anayelinda maabara usiku kucha. Wengi wao hawana mkataba wa maandishi, na baadhi yao husubiri malipo miezi miwili au mitatu. Walimu hukaa nao, hula chakula chao, na huandamana barabarani kupigania nyongeza yao wenyewe bila kuuliza mpishi alilipwa lini. Mdai haki asiyewalipa wanaomtumikia hupunguza uzito wa dai lake.

Je, mtu mmoja aweza kufanya nini? Mengi, na hayahitaji mabango.

La kwanza ni kuanza na mlango wako. Mlipe anayekufanyia kazi kile sheria inachosema, na umlipe siku mliyokubaliana. Ukishindwa kumlipa kiwango hicho kwa siku zote za mwezi, punguza siku zake za kazi ili zilingane na uwezo wako, naye apate nafasi ya kutafuta kibarua kingine. Kinachokatazwa ni kununua mwezi mzima wa mtu kwa bei ya juma moja.

La pili ni kuandika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi taarifa ya malipo na makato yake. Tena, mwajiri akishindwa kuutoa mkataba mbele ya mahakama, ni juu yake kuthibitisha masharti yalivyokuwa. Mwalimu aweza kumnunulia mpishi daftari ndogo na kumwonyesha namna ya kuandika siku alizofanya kazi, fedha alizopokea na fedha anazodai. Daftari hiyo ya bei ya kikombe cha chai yaweza kuwa shahidi siku ya mashtaka. Na asikawie kudai, kwa maana madai ya ajira yana muda wa miaka 3, na baada ya hapo mlango hufungwa.

La tatu ni kuuliza swali mahali panapostahili. Katika mkutano wa halmashauri ya shule, mwakilishi wa walimu aweza kuuliza kwa adabu, "Mwenyekiti, wafanyakazi wetu wamelipwa hadi mwezi gani?" Swali hilo likishaandikwa katika kumbukumbu za mkutano, si rahisi tena kulifuta. Mzazi naye aweza kuliuliza anapolipa karo. Mkutano unaoulizwa swali hilo kila muhula hujifunza kuja na jibu.

La nne ni kumwelekeza mnyonge kwenye chama chake. Wapo wafanyakazi wengi wa majumbani na wa shule wasiojua kwamba chama cha Kudheiha kiliundwa kwa ajili yao, kikiunganisha wafanyakazi wa nyumbani, wa hoteli, wa taasisi za elimu na wa hospitali. Sheria hiyo hiyo ya 2007 inakataza mtu kufutwa kazi kwa sababu ya kujiunga na chama au kumlalamikia mwajiri wake. Kumweleza bawabu jambo hilo ni kazi ya dakika 10.

Wanafunzi nao wasidhani kwamba haya ni mambo ya wakubwa. Mwanafunzi wa Awendo ambaye babake hukata miwa aweza kumsaidia kujumlisha tani za mwezi na kulinganisha jumla hiyo na fedha alizopewa. Mwanafunzi wa Mbita aweza kukaa na kaka yake baharia wakaandika gharama zinazoondolewa kabla ya fungu kugawanywa, wajue kama mafuta yalihesabiwa mara moja au mara mbili. Mwalimu wa Hisabati anayetafuta mfano wa asilimia hana haja ya kwenda mbali.

Najua yatakayosemwa. Wapo watakaosema kwamba haya ni sawa na kumwaga kikombe cha maji ziwani. Kwamba mishahara hubadilishwa na migomo mikubwa, mahakama na bajeti, wala si daftari ya mpishi. Hoja hiyo ina uzito. Tendo la mtu mmoja haliwezi kuchukua mahali pa chama, na anayejiridhisha kwa wema wake mdogo huku akikimbia mapambano ya wenzake anajidanganya. Lakini migomo hiyo mikubwa hutoka wapi? Chama hujengwa na watu waliozoea kuuliza, kuhesabu na kuandika.

Tumtazame Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko katika kisiwa cha Rusinga, Homa Bay. Kabla hajawa waziri, alikuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi. Katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichochapishwa mwaka 1963, alieleza jinsi mkaguzi Mwafrika alivyolipwa sehemu moja kati ya tano ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi hiyo hiyo. Wengi waliiona hesabu hiyo wakainamisha vichwa. Yeye alijiunga na jumuiya ya wafanyakazi Waafrika wa baraza, akachaguliwa kuiongoza, na ikageuka kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mnamo 1955 alikuwa Mombasa akisaidia kusuluhisha mgomo wa makuli wa bandarini, ambao walipata nyongeza ya takriban theluthi moja. Njia ndefu hiyo ilianzia kwa kijana aliyelinganisha malipo mawili na kuukataa uongo uliokuwa kati yake.

Wengine watasema, "Yule si mfanyakazi, ni mtoto wa shangazi yangu, tunamlisha na kumvika." Desturi ya kuleana ni njema, nami siitukani. Lakini jamaa anayelelewa huenda shule asubuhi. Yule anayebaki nyumbani kufua, kupika na kubeba mtoto wakati wenzake wako darasani, huyo ni mfanyakazi hata kama mna babu mmoja. Undugu usitumiwe kufuta deni.

Wapo pia watakaosema kwamba mshahara wa mwalimu mwenyewe hautoshi. Ni kweli, na ndiyo sababu walimu wanapaswa kuendelea kuudai. Ila wakumbuke kwamba maneno "hatuna fedha" ndiyo yale yale ambayo serikali iliwaambia baada ya uchaguzi wa 1997. Kama hatukuyakubali yalipotoka hazina ya taifa, tuyatamke kwa uangalifu jikoni kwetu.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Haikusema kila mwalimu wala kila mwanachama wa Knut, bali kila mfanyakazi. Maneno hayo yatabaki wino mtupu katika vijiji vya Ndhiwa na Kuria iwapo waliosoma hawatayasoma kwa sauti mbele ya wasiosoma.

Kwa hiyo, tarehe 1 Mei itakaporudi, tusikilize hotuba kama ilivyo ada yetu. Kisha jioni, mwalimu akifika nyumbani, amwite anayemfanyia kazi, waketi, wafungue daftari, na waanze na deni la mwezi uliopita.