Mlima Umejaa Viwanja vya Sikukuu, Timu Hazina Pa Kucheza

Swali kwa wale wote mnajiita mashabiki sugu wa mpira hapa Nyeri, wale Jumamosi jioni mnapigania viti kwa base kuangalia Arsenal. Mara ya mwisho ulilipa tiketi, ukaingia uwanjani hapa Nyeri town, ukaketi, ukaangalia mechi ya ligi kuu ya Kenya, ilikuwa lini? Usiulize simu. Jiulize wewe.

Mimi nina miaka 22 na jibu langu ni rahisi: sijawahi.

Najua kuna wenye watasema huyu kijana wa video anajua nini kuhusu mpira. Sawa. Nilitoka chuo mwaka wa pili (hiyo ni stori ya siku nyingine, na mamangu bado hataki kuisikia), na kazi ya kwanza nilipata na hii simu ilikuwa kupiga video za timu moja ya mtaa iliyo kwa ligi za chini. Msimu mzima nilikuwa nao. Nilibeba maji, nilibeba jezi, nilipiga picha, siku moja hata nilishika kibendera cha laini kwa sababu mwenye kazi hakutokea.

Msimu huo mmoja, timu hiyo ilikuwa na "nyumbani" tatu. Ya kwanza ilikuwa kiwanja cha umma hapa town, mpaka Jumamosi moja tukafika tukakuta hema limesimamishwa katikati, spika zinajaribiwa, na jamaa wa viti vya plastiki ametuangalia kama sisi ndio wezi. Tukahamia kiwanja cha shule moja upande wa Othaya. Pale tulikaa vizuri wiki kadhaa, kisha shule ikawa na siku ya wazazi, kisha mitihani, kisha geti ikafungwa tu bila maelezo. Mwisho tukaishia Nanyuki. Nanyuki, wasee! Kaunti ingine kabisa. Timu ya Nyeri inaamka asubuhi kupanda matatu, inavuka mpaka wa kaunti, inalipia kiwanja, halafu inaitwa mwenyeji. Siku hiyo wageni wetu walikuwa wanatoka karibu kuliko sisi.

Golikipa wetu huuza mitumba, na Jumamosi ndiyo siku yake ya pesa. Mtaani angecheza saa tisa na arudi kwa meza yake jioni. Nanyuki ni siku nzima imeenda. Alivumilia mechi nne, ya tano hakuja, na sikumlaumu. Winga wetu wa kushoto alikuwa na miaka 17, mguu mtamu ajabu. Mamake anauza ndizi karibu na stage. Huyo mama hajawahi kumwona mwanawe akicheza. Amemwona kwa simu yangu tu, video ya sekunde arubaini, akairudia mara nyingi mpaka chaji ikaisha.

Ndio maana nikisikia mtu akisema shida ya mpira wa Mlima ni eti vijana hawana nidhamu au eti sisi Wakikuyu ni watu wa biashara si wa mpira, damu inachemka.

Mnakumbuka Mount Kenya United? Wengi hamkumbuki, na si makosa yenu. Nakumatt FC ilikuwa timu ya ligi kuu iliyobeba jina la supermarket. Supermarket ikaanguka, timu ikabaki bila mfadhili, na msimu wa 2018/19 ikabadilishwa jina ikawa Mount Kenya United. Jina zuri sana. Eneo zima la Mlima sasa lina timu! Ila waliohamisha timu walihamisha jina peke yake. Sisi wa Nyeri, ambao Mlima tunauona asubuhi tukifungua dirisha, hatukuwahi kupanga foleni kuingia kuitazama. Ikashika mkia, ikashuka daraja 2019, na hakuna mtu hapa mtaani alilia. Ungelia vipi? Hukuwahi kuwa na kiti pale, hukuwahi kumtukana refa ukiwa pale, hujui hata rangi ya jezi. Timu haihamii mahali kwa kuandikwa kwa karatasi.

Sasa mtu ataniambia basi shida ni viwanja, na serikali inajenga. Hapo ndipo nataka tusimame kidogo.

Hebu tembea nami kuzunguka Mlima. Tarehe 1 Juni 2017, Madaraka Day ililetwa Nyeri, pale Kabiru-ini kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo. Mwaka uliofuata, Madaraka 2018, ikaenda Meru, Kinoru. Mashujaa Day 2021 ikaenda Mwea, uwanja wa Wang'uru. Madaraka 2023 ikaenda Embu, uwanja wa Moi. Kila mara ni filamu ile ile: miezi michache kabla ya siku kuu, trekta zinaingia usiku na mchana, rangi inapakwa, barabara ya kufika pale inawekwa lami, mabafu yanapata maji. Rais anafika, gwaride linapita, ndege zinapita, tunaimba, tunaenda nyumbani. Halafu?

Halafu Jumatatu inafika na hakuna timu yenye ufunguo.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote leo. Hapa kwetu uwanja unajengwa ukiwa na mgeni wa heshima lakini bila mpangaji. Tunajua nani atakata utepe. Hatujui nani atacheza Jumamosi inayofuata. Ni kama mtu ajenge nyumba ya kupangisha, apake rangi, alete bendi, kisha akose kuweka hata mlango, eti wapangaji tutafikiria baadaye.

Kinoru ndiyo huniuma zaidi. Hiyo ilikuwa kwenye orodha ya viwanja vya CHAN ya 2018, pamoja na Kasarani, Nyayo na Kipchoge Keino kule Eldoret. Tulichelewa, na Septemba 2017 CAF wakatunyang'anya mashindano, yakaenda Moroko. Uwanja ukakamilika baadaye, ukapokea sikukuu yake, na nitakuwa mkweli: umepokea pia mechi za ligi kuu za timu za Nairobi zilizokuwa zinahangaika viwanja vyao vikifungwa. Vizuri. Lakini fikiria hiyo picha. Timu inatoka Nairobi, inapanda zaidi ya kilomita 200 kucheza "nyumbani" Meru mbele ya watu ambao kesho haitawaona tena, huku timu za Meru zenyewe zikitafuta viwanja vya shule.

Na msifikirie ni timu ndogo tu. Juni 2024 Harambee Stars walicheza mechi zao za "nyumbani" za kufuzu Kombe la Dunia, dhidi ya Burundi na Ivory Coast, kule Lilongwe, Malawi. Septemba wakaenda Kampala, Namboole, kuwa wenyeji wa Zimbabwe. Nchi nzima ilikuwa kama ile timu yangu ya mtaa, ikibeba jezi kwa gunia kutafuta nyumbani ya kukodisha. Nilipoona hiyo ratiba nilicheka, kisha nikanyamaza.

Ruring'u sasa. Mnajua wenyewe. Desemba 1963 wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni wakakusanyika pale Ruring'u kuweka silaha chini. Hapo si mahali pa mchezo kwa maana ya utani. Kama kuna uwanja ulistahili heshima katika nchi hii, ni huo. Lakini ujenzi wake umekuwa "umebaki kidogo" tangu enzi za Jubilee. Serikali kuu inasema hivi, kaunti inasema vile, mwanakandarasi anaonekana, mwanakandarasi anapotea. Na Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka michezo na vifaa vya michezo kwa kaunti. Imeandikwa wazi. Kwa nini basi kila mwaka tunangoja mtu wa Nairobi atuambie nyasi zitapandwa lini?

Nimekuwa nikisoma jinsi Wamarekani wanavyopigana juu ya hizi vitu, na kuna kisa kimoja nataka mkijue. Columbus, mji wa jimbo la Ohio, una timu inaitwa Crew. Uwanja wao wa zamani ulifunguliwa 1999, na ulijengwa wapi? Kwenye ardhi ya jimbo, kwenye viwanja vya maonyesho ya kilimo. Kama Kabiru-ini, buda! Oktoba 2017 mwenye timu akatangaza kwamba asipopata uwanja mpya katikati ya mji, atahamisha timu mpaka Austin, Texas. Kule Marekani hiyo si vitisho vya bure. Timu ya San Jose ilihamishiwa Houston mwishoni mwa 2005 kwa sababu ya uwanja, na ikachukua ubingwa 2006 na 2007 ikiwa Houston. Fikiria wewe ni mtu wa San Jose unaangalia hiyo kwa TV.

Ila Ohio walikuwa wameumwa na nyoka mapema. Miaka ya tisini timu yao ya ule mpira wao wa mikono, Cleveland Browns, ilihamishiwa Baltimore. Wakatunga sheria 1996: timu ikitumia uwanja uliosaidiwa na pesa ya umma, haihami tu hivi hivi. Ama ikubaliane na wenye mji, ama itoe notisi ya miezi sita na iwape watu wa pale nafasi ya kuinunua. Columbus wakaitumia. Mashabiki wakaandamana, jimbo na mji wakaenda kortini Machi 2018, na mwishowe wanunuzi wapya wakapatikana, timu ikabaki. Uwanja mpya ukafunguliwa katikati ya mji Julai 2021. Austin nao wakapata timu yao wenyewe.

Sisemi tuwe Ohio. Wale ni matajiri, na hata wao wana mabilionea wanaochezea miji kama karata. Ninachotaka kuiba kwao ni wazo moja tu: pesa ya umma ikiingia kwa uwanja, mwananchi anapata neno. Kwa maandishi.

Na usiniambie haiwezekani hapa Kenya. Gusii Stadium pale Kisii ilitengenezwa kwa sababu ya Mashujaa Day 2020. Sikukuu kama zetu tu. Tofauti ni kwamba Kisii kulikuwa na Shabana. Shabana ikarudi ligi kuu 2023 baada ya miaka kumi na saba, na mkiangalia video za pale, watu wako juu ya kila kitu kinachopandika. Mwaka huo huo Murang'a SEAL pia ikapanda, na mechi za ligi kuu zikafika Murang'a town, hapa chini tu, kwa majirani. Hao wa Murang'a wana maji tofauti na sisi? Wanakula ndengu tofauti?

Kuna mzee mmoja ananisomaga, ananiita "kamwana", na kila nikiandika hii maneno ananijibu: hospitali kwanza, barabara kwanza. Guka, nakuheshimu, lakini pesa ya viwanja tayari inatoka. Sijaomba ndururu mpya. Kule Nairobi uwanja wa Talanta umekusanyiwa zaidi ya shilingi bilioni 44 kwa hati fungani, kwa ajili ya AFCON 2027, na hakuna aliyeuliza hospitali. Mimi nauliza tu hii ambayo imeshatumika huku inamfaidi nani siku ambayo Rais hayuko.

Kwa hivyo, waheshimiwa MCA wa Nyeri, na najua watoto wenu wananifuata hata kama nyinyi hamnifuati. Leteni mswada. Kabla shilingi ingine haijaingia Ruring'u, iandikwe ni timu gani za Nyeri zina haki ya kucheza pale, siku gani, kwa ada gani. Iandikwe kwamba hema la mkutano halifukuzi mechi iliyo kwenye ratiba, hata kama mkutano ni wenu. Na timu ikipewa uwanja huo kwa bei ya chini, iandikwe kwamba haiwezi kuamka siku moja ikauza jina na kuhamia kwingine bila notisi na bila sisi kuulizwa. Karatasi mbili au tatu. Hiyo haihitaji mwanakandarasi.

Na sisi mashabiki pia tuna deni. Nikiweka video ya Saka napata maelfu ya watu. Nikiweka ya winga wetu napata mia mbili, na hamsini kati ya hao ni binamu zake. Mwanasiasa anahesabu hizo namba kama mimi.

Timu bado ipo, kwa wale mmeniuliza. Golikipa ni mwingine. Mechi ya Jumamosi hii tumepewa kiwanja cha shule, Mukurwe-ini, saa nane, kama geti itafunguliwa. Nimemwambia mama wa winga aje, nitamlipia nauli. Amesema ataangalia kama kuna mtu wa kumshikia meza.