Maalim, Kitakuingizia Nini?

Liko suali moja ambalo nimeulizwa barazani mara nyingi hata nimechoka kulijibu kwa adabu: "Maalim, hiki kitakuingizia nini?" Kinachoulizwa ni mkono wa mbao, wenye bega, kiwiko, kifundo na vidole viwili, unaoinama ukaokota kikombe cha kahawa na kukiweka pembeni. Nimeuunda mwenyewe kwa vipande vilivyobaki kwa maseremala wa mtaani, mota tano za sevo na bodi ya Arduino inayoziamuru. Jawabu langu ni fupi: hautaniingizia hata senti. Ila imo katika suali lenyewe, na hapa nataka kueleza kwa nini.

Mtu akikaa akacheza bao tangu laasiri mpaka magharibi, hakuna amuulizaye bao limemwingizia nini, na hivyo ndivyo inavyopasa. Lakini mtu mzima akishika patasi bila ya kulipwa, papo hapo hushukiwa ama wazimu ama biashara ya siri. Kwetu ufundi umefanywa kuwa kimbilio la aliyekosa kazi ya kalamu. Na haya yanasemwa Mji Mkongwe, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, ambao mgeni hatoki bila ya kupiga picha milango yake! Tunajisifu kwa kazi ya seremala aliyekufa, kisha tunamwambia mtoto: "Ukifeli mtihani, utakuwa seremala."

Hao, hata hivyo, nawastahamilia. Wanaonikera zaidi ni wapiga makofi. Hawa huingia, wakauona mkono unageuka, wakaanza: mvumbuzi, mtaalamu, fahari ya Unguja! Mwanzoni mwa miaka ya 2020 vijana wawili wa Kikuyu, Kenya, walionyesha mkono bandia waliouunda kwa mbao na vifaa chakavu vya elektroniki. Picha zao zilizunguka sana, zikafika hata barazani petu. Watu walistaajabia kuwa wale vijana hawakumaliza shule. Sikumsikia hata mmoja akiuliza ule mkono unanyanyua gramu ngapi, wala unapata wapi nguvu zake. Mwenye dharau haiangalii kazi, na mpiga makofi naye haiangalii.

Mimi sikuvumbua kitu. Mkono wa mashine ulioitwa Unimate uliwekwa katika kiwanda cha General Motors, New Jersey, mwaka 1961, ukichukua vipande vya chuma vikiwa bado vya moto. Kwa hivyo nimechelewa miaka sitini na zaidi, na wala sioni haya. Aliyejifunza kushona kanzu hakuivumbua kanzu.

Sasa tuuangalie mkono wenyewe. Chukua uzito wa gramu 200, uweke sentimita 30 kutoka kwenye bega. Mota ya bega itasumbuka sawasawa na kama umeitundikia kilo 6 kwa umbali wa sentimita 1. Huo ni uzito wa kikombe tu. Uzito wa mbao, wa misumari na wa mota ya kiwiko bado. Kitabuni hii ni mistari miwili, mwanafunzi huikariri na kuisahau. Mezani ni jambo jengine: mota inatetemeka, inapata moto, mkono unalala. Hapo ndipo akili hutafuta njia.

Njia ya kwanza nimeipata kwa wavuvi. Nimeurefusha ubao nyuma ya bega, nikautundika chubwi za risasi, uzito wa nyuma ukapunguza uzito wa mbele. Mwenye duka la viungo kule Darajani aliyezoea mizani aliielewa kabla sijamaliza kusema. Njia ya pili imetoka baharini pia. Mwenye kutweka tanga la jahazi hapandi juu ya foromali. Hukaa chini akavuta henza kupitia kwenye gofia. Basi nami mota ya kiwiko nimeishusha chini kabisa, penye kitako, na kiwiko kinavutwa kwa mshipi unaopita katika gofia ndogo niliyoichonga kwa msaji. Bega halibebi tena mota isiyo yake. Wahunzi wa majahazi wa Nungwi, wanaotoboa ubao kwa keke na kuchonga mkuku kwa tezo, hawahitaji kufundishwa haya. Wanahitaji kuambiwa tu kwamba haya wanayoyajua ndiyo yanayosomeshwa vyuoni kwa jina jengine.

Wako watakaosema kuwa umeme na programu ni mambo ya wasomi. Hao waende Kinyasini, walipofundishwa kina mama wa vijijini kuunganisha na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua, wengi wao wakiwa hawakusoma sana. Akina mama hao wanalehemu nyaya vizuri kunishinda mimi.

Ugonjwa wetu ni wa zamani. Lile kasri la Sayyid Barghash la mwaka 1883 tumeliita Beit al-Ajaib, nyumba ya maajabu, kwa taa zake za umeme na lifti yake. Sehemu yake ilipoporomoka Disemba 2020 nilihuzunika kama Mzanzibari yeyote. Lakini jina lenyewe halinipendezi. Ajabu ni kitu cha kutazamwa; haiguswi, haifunguliwi.

Na hivyo ndivyo tunavyozipokea mashine mpaka leo. Skuli moja niliyoitembelea, ambayo sitaitaja, ilipewa masanduku ya roboti za plastiki. Nimeyaona: yamo kabatini, yamefungwa kwa kufuli, na nailoni zake juu yake. Mwalimu simlaumu. Kipande kimoja kikivunjika hakuna duka la kukinunua Unguja nzima, na yeye ndiye atakayeandikiwa barua. Mkono wa mbao ukivunjika asubuhi, kipande kipya kinakatwa kwa msumeno na kinafanya kazi kabla ya adhuhuri. Mtoto anayeruhusiwa kuvunja ndiye atakayejua kwa nini kimevunjika. Nasema hivi bila ya kuficha: ukinipa fedha za sanduku moja la aina ile, nitazinunulia randa, misumeno na mota za darasa zima.

Imebaki hoja ya unyevu, nayo ni ya haki. Mbao hunywa maji. Mwezi wa Aprili, masika yanapokaza, bega la mkono wangu hukwama. Huchomoa pini, nikapitisha msasa, nikatia nta, nikairudisha. Ni kazi ya dakika ishirini, na seremala yeyote ataniambia ningeacha nafasi kubwa zaidi kidogo tangu mwanzo kama ningetaka kuzikwepa. Sitaki kuzikwepa. Wanafunzi wanaokuja kwangu Jumamosi hugombania kuipitisha ile msasa.

Mwalimu mkuu anayeyasoma haya, na mwenye kabati kama lile, namwomba ufunguo kwa muhula mmoja tu. Mbao nitaleta mimi.