Filamu ya Familia Isimfiche Marehemu

Naviundu, Lubumbashi

Mtunzi akifariki, warithi wa kazi yake hukimbilia kuwaaminisha watazamaji kwamba hakuna kilichobadilika. Naona wanakosea, hasa filamu ikiwa ya wazazi na watoto kutazama pamoja. Ushahidi ni The Muppet Christmas Carol ya mwaka 1992. Jim Henson, Mmarekani aliyebuni vikaragosi vya Muppet, alifariki ghafla Mei 1990 akiwa na miaka 53, na filamu hiyo ikaongozwa na mwanawe, Brian, ambaye hakuwa ameongoza filamu ya sinema kabla ya hapo. Chura Kermit, ambaye Henson alimtengeneza mwaka 1955 kwa kitambaa cha koti kuukuu la mama yake, alipewa sauti ya mwigizaji Steve Whitmire. Lakini mbwa Rowlf, aliyezoea kusema kwa sauti ya Henson, anapiga piano karamuni bila kutamka neno. Warithi walimpokeza mtu sauti moja, nyingine wakaiacha inyamaze, kisha wakaitoa filamu nzima kwa kumbukumbu ya Henson na mwenzake Richard Hunt, aliyefariki Januari 1992.

Atakayepinga atasema huzuni iliyomo katika filamu hiyo ni ya Charles Dickens, mwandishi wa hadithi inayosimuliwa humo, ya mwaka 1843. Ni kweli, mtoto Tiny Tim, ambaye kifo chake huliliwa, ametoka kwake. Ila kumteua Kermit awe baba anayemlilia mtoto huyo ulikuwa uamuzi wa watengenezaji. Hivyo mwana aliyefiwa na baba akaongoza onyesho la baba aliyefiwa na mwana, na humo mzaha uliojaa kwingine umewekwa kando. Wengine watasema watoto waepushwe na mambo ya kifo. Lakini watoto wa mitaa yetu huyaona matanga mapema. Wanachokosa mara nyingi ni mkubwa wa kuwaeleza. Filamu inayowaonyesha wazazi wakilia, kisha wakiendelea kuishi na kupendana, huwapa nafasi ya kuuliza wakiwa nyumbani kwao.

Suala la kurithi kazi ya marehemu linatuhusu pia sisi wa Lubumbashi. Kundi la Mufwankolo liliigiza kwa Kiswahili chetu redioni na kwenye televisheni, na mchezo wake wa mwaka 1986 kuhusu madaraka ulirekodiwa kijijini Kawama. Waigizaji waliujenga kwa kuzungumza na kujaribu, bila kusoma maneno yaliyoandikwa. Sanaa ya namna hiyo hukaa ndani ya mwigizaji, na asipomfundisha mwingine huzikwa naye. Kwa hiyo vijana wafundishwe wakati mabingwa wangali hai, na bingwa akiondoka, kazi inayofuata imtaje waziwazi na isimtafutie mtu wa kumwiga kila ishara. Kuiga tu humfanya mrithi awe kivuli cha marehemu. Akikiri msiba wake, anapata uhuru wa kutunga la kwake, na watoto wanaomtazama wanajifunza kwamba aliyetutoka huheshimiwa kwa kazi mpya.