Boti za faiba zimefika, mbao zinazooza tutazifanyaje?

Tangu Januari 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipokabidhi boti za kisasa na vizimba vya samaki jijini Mwanza, neno faiba halikosekani kwenye mazungumzo ya wavuvi, iwe mwaloni au pwani. Mikopo hiyo, inayopitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania, haina riba, na boti zake ni za faiba. Zanzibar nako serikali imegawa boti za faiba kwa wavuvi na wakulima wa mwani. Ukisikiliza hotuba, unaweza kudhani zama za mbao zimekwisha.

Hazijaisha. Wavuvi wadogo wengi bado wanaingia majini na mashua, ngalawa, dau au mtumbwi wa mbao, na chombo hicho ndicho kinacholipa ada ya shule. Mbao nzuri kama mvule na mbambakofi zimekuwa adimu na ghali, na sheria za misitu zimebana ukataji. Kenya ilifikia kuusimamisha kabisa kwenye misitu ya umma mwezi Februari 2018. Mvuvi ambaye hajapata mkopo, na hana fedha ya mbao mpya, anabaki na kazi ya kutengeneza alichonacho. Hapo ndipo anapokutana na muuza duka mwenye makopo mawili, anayemwambia kwamba epoksi inatibu kila uozo.

Epoksi ni gundi ya sehemu mbili. Ukichanganya gundi yenyewe na dawa yake ya kugandisha, inakuwa ngumu, inazuia maji, na ikishika vizuri, mbao itapasuka kabla ya kiungo kuachia. Mafundi wa boti Marekani na Ulaya wameitumia sana tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo muuza duka hadanganyi kuhusu gundi. Ila hajaiona mashua yako.

Tuanze na uozo wenyewe. Mbao haiozi kwa sababu ya uzee. Inaliwa na kuvu, na kuvu inahitaji unyevu. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 hivi haiozi, hata ikae miaka mingi. Chumvi ya bahari nayo huipunguza kuvu nguvu, ndiyo maana chombo cha pwani mara nyingi huoza kuanzia juu na ndani, mahali maji ya mvua yanapotuama: kwenye ngama, pembeni mwa mataruma, chini ya sitaha, kuzunguka misumari. Ziwani hakuna chumvi ya kusaidia, kwa hiyo maji yoyote yaliyolala ndani ya chombo ni adui. (Yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao chini ya mkondo wa maji ni balaa jingine, na dawa yake ni nyingine.)

Hii ina maana kwamba kabla ya kununua gundi, tafuta maji yanaingilia wapi. Ukiziba shimo la uozo na kuacha ufa unaoingiza mvua, utakuwa umefungia unyevu ndani. Kuvu itaendelea kula nyuma ya kiraka, mahali usipopaona.

Sasa tuje kwenye chombo chetu. Epoksi inataka mbao kavu, yenye unyevu wa asilimia 12 hadi 15 au pungufu. Mashua iliyoshinda majini miezi kadhaa haifiki huko kwa siku mbili za jua. Inatakiwa ipandishwe wakati wa bamvua, iwekwe kivulini penye upepo, ikae wiki kadhaa. Wiki hizo ni wiki za kutovua, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko gundi. Anayekuuzia makopo hakuhesabii siku hizo.

Kuna na jambo ambalo vitabu vya wenzetu hulitaja kwa nadra. Vyombo vya pwani yetu hupakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa, na chini hupakwa deheni ya chokaa na mafuta. Ni dawa nzuri zilizotunza majahazi kwa karne nyingi. Lakini epoksi haishiki kwenye mafuta. Mbao iliyokunywa sifa miaka kumi, hata ukiikwangua, mafuta yako ndani yake. Kiraka kitakaa msimu mmoja kisha kitabanduka kama ganda la ndizi. Ni bora kukata kipande chote hadi kufikia mbao safi, na kama mbao safi haipo, badilisha ubao.

La tatu ni mwendo wa mbao. Mashua ya kalafati inategemea mbao zivimbe zikiwa majini, zikaze pamba iliyo katikati yake. Zikikauka husinyaa, zikilowa huvimba. Ukiivika mashua kama hiyo koti gumu la gundi na kitambaa cha faiba, mbao zitaendelea kusukumana chini yake mpaka koti lipasuke au liachie. Maji yakishapita kwenye ufa huo hayatoki tena. Nje chombo kinang'aa, ndani kinageuka unga.

Je, epoksi haina kazi kwetu? Inayo, na ni nzuri. Mahali palipooza padogo kwenye taruma, kichwa cha mlingoti, usukani, benchi, sanduku la samaki, mtumbwi wa plaiwudi: hapo inafaa. Fundi anachimba uozo wote hadi afikie mbao inayotoa sauti kali ikigongwa, anapakausha, anapaka epoksi nyepesi iingie ndani, kisha anajaza kwa epoksi iliyokorogwa na unga wa mbao. Kama ni kipande cha kuunga, anachonga ncha za mshazari ndefu, mara nane au zaidi ya unene wa ubao. Mwisho anapaka rangi, kwa sababu jua huiharibu epoksi iliyoachwa wazi.

Angalia pia usiuziwe kitu kingine. Rezini ya kawaida ya faiba, ile inayotengenezea matangi na boti mpya, ni ya bei nafuu na inafanana na epoksi kwa macho, lakini haishiki mbao vizuri. Kwenye rezini hiyo fundi anaweza kuongeza dawa kidogo ili igande haraka. Kwenye epoksi kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye kopo, bila kuongeza wala kupunguza. Ukizidisha, haitakauka vizuri kamwe. Na kwa joto letu, changanya kidogo kidogo. Kopo lililojaa mchanganyiko linaweza kuchemka lenyewe, likatoa moshi, hata kuwaka. Vaa glavu. Gundi hii inaweza kukuletea mzio wa ngozi usioisha, na fundi akishaupata inabidi aiache kazi hiyo.

Turudi kwenye boti za mkopo, maana aliyepata faiba anaweza kudhani habari hii haimhusu. Boti nyingi za faiba zina mbao ndani yake. Shetri, pale mashine inapofungwa, mara nyingi ni plaiwudi iliyofunikwa na faiba. Bolti za mashine hupita katikati ya plaiwudi hiyo, na tundu lisipozibwa vizuri maji huingia. Miaka michache baadaye mashine inaanza kutikisika, na siku ya bahari mbaya inaweza kung'oka na kipande cha shetri. Kinga yake ni ndogo: toboa tundu kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi, likishakauka toboa tena kwa kipimo cha bolti. Sasa bolti inapita kwenye gundi, haigusi mbao.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo mpango wa mikopo unapohitaji kukazwa. Kumpa mvuvi boti bila kuwa na fundi wa karibu anayejua kuitengeneza ni kumwachia deni litakaloishi kuliko chombo. Wakaguzi wa TASAC upande wa Bara, na wa Mamlaka ya Usafiri Baharini upande wa Zanzibar, wana kazi ya kuangalia usalama wa vyombo, lakini rangi mpya juu ya mbao mbovu haionekani kwa macho. Inabidi mtu agonge kwa nyundo na achome kwa bisibisi.

Kama kikundi chenu kinajaza fomu za mkopo msimu huu, ulizeni maswali matatu kabla ya kusaini. Shetri ya boti hiyo ina nini ndani? Matundu ya bolti yamezibwa kwa nini? Na ikipasuka, fundi wa kuitengeneza yuko wapi, na nani atamlipa?