Usalama wa Mtoto Haufundishwi kwa Wimbo

Katika madarasa mengi ya chini ya shule za msingi husikika sauti za watoto wakiitikia kwa pamoja: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, kisha vuka. Mwalimu huridhika, na katika mtihani jibu hilo hupata alama ya vema. Saa chache baadaye kengele ya kurudi nyumbani hulia, na watoto hao hao huchomoka mbele ya daladala lililosimama kituoni bila kutazama upande wowote.

Kosa si la mtoto. Yeye alifundishwa maneno, hakufundishwa kuvuka. Hakuelezwa kwamba hutazama kulia kwanza kwa sababu katika Tanzania vyombo hupita kushoto, na kwa hiyo gari la kwanza kumfikia hutoka kulia. Hakuelezwa kwamba pikipiki huweza kutokea upande wowote. Wala hakuonyeshwa kwamba daladala lililosimama humficha mtoto wa miaka 7, hata dereva anayelipita asimwone mpaka amemfikia. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi, hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Mtoto wa umri huo hawezi kuukadiria mwendo huo kwa jicho.

Shirika la Afya Duniani limeonyesha kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Hata hivyo wapo wanaojifariji kwa kusema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo unafaa kumliwaza aliyekwisha kufikwa na msiba. Haufai hata kidogo kuwa kisingizio cha asiyetimiza wajibu wake.

Hali ni hiyo hiyo nyumbani. Mtoto hukaririshwa shuleni kwamba asichezee mafuta ya taa, lakini nyumbani huyakuta mafuta hayo katika chupa ile ile aliyonywea soda siku ya sikukuu. Hapo wa kufundishwa kwanza ni mzazi: ayatie katika chombo kisichofanana na cha kinywaji, akiweke mbali na mikono ya mtoto, na ajue kwamba mtoto aliyeyanywa hatapishwi, bali hukimbizwa hospitali mara moja.

Taifa hili halianzi sifuri katika jambo hili. Mwaka 1967 siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilikataa masomo yaliyotengwa na maisha ya watu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Hakuna aliyehesabiwa kuwa amejifunza kwa sababu tu alijua kuimba habari za choo.

Mfano wa karibu zaidi upo Dar es Salaam. Mpango wa SARSAI, unaoendeshwa na shirika la Amend, ulitunukiwa tuzo ya WRI Ross mwaka 2019. Mpango huo haukuishia kwenye mafunzo: uliweka njia za waenda kwa miguu, matuta na alama karibu na shule. Funzo lake ni wazi. Mtoto hufundishwa, na barabara nayo hurekebishwa.

Yapo madai kwamba mwalimu mwenye wanafunzi mia moja hana nafasi ya kuwatoa nje. Madai hayo ni ya kweli, na ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa mwalimu peke yake. Kamati ya shule na mabalozi wa mashina wanaweza kupanga zamu za watu wazima, ili darasa la kwanza na la pili lipelekwe barabarani kwa makundi madogo, kila mtoto avuke huku akieleza anachokiona. Anayepita mtoni aonyeshwe mtoni; anayepita kando ya kisima aonyeshwe kisimani. Wanafunzi wa madarasa ya juu waongozane na wadogo njiani, lakini kazi ya kusimamisha magari ibaki kwa watu wazima.

Kwa upande wao, watumishi wa umma wanao wajibu mara mbili. Maombi ya tuta au alama mbele ya shule yasilale katika majalada hadi mtoto agongwe. Tena, waendeshapo magari, wasimame kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Mtoto anayeliona gari la ofisi ya umma likipita kivukoni bila kusimama amekwisha kupewa somo, na somo hilo hulishika upesi kuliko wimbo wa darasani.

Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini hakunjwi kwa maneno. Mwalimu atakayetaka kujua kama somo limeeleweka asilitafute jibu katika daftari. Atoke na watoto kengele ya mwisho ikilia, asimame kando ya barabara, awatazame wakivuka.