Jina Moja, Mambo Mengi

Yako majina yasiyochoka kutumika. Chukua jina Mercury. Kwa Warumi wa kale, huyu alikuwa mungu wa biashara na mjumbe wa miungu wenzake, mwenye viatu vya mabawa. Wafanyabiashara walimwomba faida. Wezi nao walidai ni wao.

Kwa kuwa alisifika kwa mbio, jina lake lilipewa sayari inayolizunguka jua kwa siku 88 tu, ile tuiitayo Utaridi. Wafaransa wanalo katika Jumatano yao, mercredi. Mnamo 1961 Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kufika anga za juu, alirushwa katika mpango ulioitwa Mercury. Kampuni ya Ford nayo iliunda magari ya jina hilo hadi 2011. Na mwimbaji wa bendi ya Queen, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja mwaka wa 1946, alivuma ulimwenguni kama Freddie Mercury hadi alipofariki mwaka wa 1991.

Hayo hayana madhara. Linalotuhusu sisi wenye watoto ni madini yenye jina lilo hilo, ambayo Kiswahili huyaita zebaki. Ni yale majimaji mazito yanayong'aa kama fedha, yaliyotiwa katika vipimajoto vya kioo. Huko Migori, wachimbaji wadogo huyatumia kunasa chembe za dhahabu. Ni sumu.

Ajabu ni kwamba sumu hii hutiwa pia katika baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua, kwa sababu huizuia ngozi kutengeneza rangi yake. Hupenya mwilini, ikadhuru figo na neva, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mvuke wake, pamoja na taulo mnazoshirikiana, huweza kuwadhuru hata wasiojipaka. Waama, kikulacho ki nguoni mwako.

Basi kabla ya kulipa, geuza kopo usome yale maandishi madogo. Ukiona mercury, mercuric, mercurio, calomel ama herufi Hg, rudisha. Kopo lisilotaja kilichomo usiliamini vilevile. Na ikiwa umekuwa ukijipaka, acha leo, umwone daktari na umweleze bila haya.

Mungu yule alikuwa wa wenye maduka na wa wezi pia. Ukienda sokoni, usilisahau hilo.