Ngome za Wafalme wa Bara Hindi na Habari ya Maji Yake

Juma hili, wasomaji wetu wapenzi, tunawaalika kusafiri pamoja nasi mpaka Bara Hindi, ili tupite katika ngome na majumba ya wafalme wa zamani. Tutaanzia Delhi, tutashika njia ya Agra, kisha tutageukia magharibi na kuingia jimbo la Rajasthan, ambalo maana ya jina lake ni nchi ya wafalme, mpaka tufike penye mchanga wa jangwa. Mgeni afikapo huko huonyeshwa vioo, dhahabu, mapanga na viti vya enzi. Sisi hatuvidharau vitu hivyo, na tutavitazama. Lakini zaidi tutatazama vile ambavyo wageni wengi huvipita bila kugeuza shingo, yaani mabirika, visima, mifereji na mabwawa. Nchi ile ina jua kali, na karibu mvua yake yote huanguka katika miezi michache tu. Kwa hiyo fundi wa ngome, kabla ya kuuliza ukuta uwe na kimo gani, aliuliza kwanza watu watakunywa nini.

Ngome Nyekundu ya Delhi ilikamilika mwaka 1648, katika enzi ya Shah Jahan, mfalme yule yule aliyejenga Taj Mahal iwe kaburi la mkewe. Ndani ya kuta zake vyumba vya marumaru vilipangwa kwa mstari, vikielekea mto Yamuna, na katikati yake ulipita mfereji ulioitwa Mto wa Peponi. Maji yalitiririka sakafuni toka chumba hata chumba, yakipoza hewa na kuyafurahisha masikio ya wakubwa. Baada ya vita vya mwaka 1857 Waingereza walibomoa sehemu kubwa ya majumba ya ndani, wakajenga kambi za askari mahali pake. Ndiyo sababu mgeni hukuta vyumba vichache vilivyosimama mbalimbali, kama meno yaliyobaki kinywani mwa mzee. Hata hivyo ngome haikukosa heshima: kila tarehe 15 Agosti, sikukuu ya uhuru, waziri mkuu wa India hupandisha bendera ya taifa juu ya ukuta wake.

Agra hatutakaa sana. Ngome yake ilijengwa na Akbar, babu yake Shah Jahan, na huko ndiko Shah Jahan mwenyewe alikofungwa na mwanawe Aurangzeb tangu mwaka 1658 hata kufa kwake mwaka 1666. Toka dirishani aliweza kuliona kaburi la mkewe kwa mbali, mto ulipopinda. Kiongozi yeyote atawasimulia habari hiyo, nanyi mtaona kwamba haihitaji kuongezewa chumvi.

Kilomita zipatazo 40 toka Agra uko mji wa Fatehpur Sikri, na hapo tutapumzika kidogo. Akbar alikuwa na wake wengi, lakini hakuwa na mwana wa kumrithi aliye hai. Mtu mmoja mcha Mungu, Sheikh Salim Chishti, aliyekaa penye kilima cha Sikri, alimtabiria kwamba atapata wana. Mwaka 1569 mtoto akazaliwa, akaitwa Salim kwa heshima ya yule sheikh. Kwa furaha yake Akbar akaanza mwaka 1571 kujenga mji mzima juu ya kilima kile. Mafundi walichonga jiwe jekundu kana kwamba ni ubao: nguzo, dari, madirisha, vyote vya jiwe. Lango kuu, liitwalo Buland Darwaza, pamoja na ngazi zake lina kimo cha meta 54 hivi. Katika ua wa jumba la mfalme liko birika la mraba lenye madaraja manne, yanayokutana penye jukwaa katikati ya maji.

Ni katika mji huo mapadri Wayezuiti walipofika mwaka 1580, wametoka Goa kwa mwaliko wa Akbar mwenyewe. Mfalme yule Mwislamu aliwakusanya wenye elimu wa dini mbalimbali, akakaa akisikiliza mabishano yao usiku kucha. Aliwaheshimu mapadri, lakini hakubatizwa.

Mwaka 1585 Akbar aliondoka, na mji ambao ulikuwa haujatimiza hata miaka 15 ukabaki karibu mtupu. Viongozi wa wageni husema kwamba maji yalikauka. Ni kweli kwamba mji ulisimama juu ya mwamba, ukitegemea ziwa lililotengenezwa kwa boma la udongo na mawe. Lakini wenye elimu ya historia huongeza kwamba mfalme alihamia Lahore kwa ajili ya vita katika mipaka ya kaskazini-magharibi. Sisi twadhani sababu hizo mbili zilisaidiana. Vita vilimwondoa mfalme. Na mahali penye maji haba hapakumvuta arudi.

Sasa twaingia Rajasthan. Ngome ya Amber, karibu na Jaipur, ilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 16 na Man Singh, jemadari Mhindu aliyemtumikia Akbar. Wageni hukimbilia chumba cha vioo, ambamo mwali wa mshumaa mmoja huwa kama nyota elfu. Sisi tungewaomba mwende pia upande wa pili wa ua, katika chumba ambamo maji yalipitishwa katika mtaro wa marumaru, ili upepo uingie umepoa. Kisha tupande juu zaidi, mpaka ngome ya Jaigarh iliyoilinda Amber. Huko wafalme walichimba mabirika makubwa, na mitaro ikayakusanya maji ya mvua toka vilima vya jirani. Birika kubwa kuliko yote laweza kuhifadhi lita zaidi ya milioni 20. Watu walisema pia kwamba chini ya mabirika hayo imefichwa hazina ya wafalme. Mwaka 1976 serikali ilipeleka askari kuchimba na kupekua, kisha ikatangaza kwamba hakuna hazina iliyopatikana. Labda walitafuta dhahabu mahali ambapo hazina ilikuwa maji yenyewe.

Mwaka 1727 mfalme Jai Singh aliacha mlima, akajenga mji mpya wa Jaipur katika tambarare. Ndani ya jumba lake la mjini imesimama mitungi miwili ya fedha, ambayo kimo chake kinapita cha mtu wa kimo cha kadiri begani, na kila mmoja una uzito wa kilo 345 hivi. Mfalme Madho Singh aliisafirisha mwaka 1902, alipokwenda Uingereza kwa kutawazwa kwa mfalme Edward wa Saba, nayo ilijazwa maji ya mto Ganges, kwa sababu Mhindu mshika dini hakutaka kunywa maji ya ugenini. Msicheke, wasomaji. Wangapi katikati yetu, wakiwa ughaibuni, hutamani hata kikombe kimoja cha maji ya kwao!

Huko kusini iko Chittorgarh, ngome kubwa ajabu juu ya mlima uliojitenga, ambapo mabwawa na visima vilikuwa makumi kadhaa. Hapa hapakukosekana maji. Hata hivyo ngome ilitekwa mara tatu, mwaka 1303, mwaka 1535 na mwaka 1568. Kila mara wakubwa wa Rajput walipoona hakuna tumaini tena, wanawake waliingia katika moto pamoja na watoto, ili wasichukuliwe mateka, na wanaume wakafungua malango, wakatoka kufa vitani. Katika mara ya tatu Akbar aliamuru pia wauawe maelfu ya watu waliosalia ndani, wengi wao wakulima waliokimbilia huko. Viongozi wengine husimulia habari ya moto ule kwa sauti ya kusifu. Sisi hatuwezi kuusifu. Heshima ya ukoo ni kitu kikubwa, lakini ni nani aliyewauliza watoto?

Toka Chittorgarh twaelekea kaskazini-magharibi, Jodhpur, nchi inayozidi kukauka. Ngome ya Mehrangarh imekaa juu ya mwamba wenye kimo cha meta 120 hivi juu ya mji, hata mgeni hawezi kusema mwamba unakwisha wapi na ukuta unaanza wapi. Rao Jodha aliianza mwaka 1459. Wenyeji husimulia kwamba juu ya mwamba ule alikaa mtawa mzee, mlishaji wa ndege. Alipofukuzwa katika maskani yake, aliilaani ngome ipungukiwe na maji daima. Mfalme alimtuliza kwa kumjengea makao, lakini laana haikumtoka moyoni. Basi mtu mmoja wa kabila la wanyonge, Raja Ram Meghwal, alikubali kuzikwa hai katika msingi, akiahidiwa kwamba jamaa yake watatunzwa na wafalme vizazi vyote. Jina lake limeandikwa ngomeni hata leo. Wafalme wa Jodhpur tunawakuta katika picha kubwa zenye fremu za dhahabu. Yeye ana maandishi machache tu ukutani. Penye lango la chuma mtaona pia alama za mikono midogo. Ni za wajane wa wafalme, waliopita pale wakienda kuchomwa pamoja na maiti ya waume zao, na hasa hukumbukwa wale wa mwaka 1843.

Katika mji huo huo liko jumba jingine, jipya, liitwalo Umaid Bhawan, lenye vyumba 347. Hilo lilianzwa mwaka 1929 na kukamilika mwaka 1943. Nchi ilikuwa imepigwa na ukame miaka mfululizo, watu hawana mavuno, na mfalme Umaid Singh alitaka wapate kazi na mshahara, maelfu waliajiriwa. Wengine wameuliza kama fedha ile isingalifaa zaidi kwa kuchimba mabwawa. Swali hilo ni la haki, ingawa mwenye njaa aliyepokea ujira wake jioni huenda asingeliuliza. Miaka minne baadaye, mwaka 1947, India ikapata uhuru, na nchi za wafalme zaidi ya 550 zikaanza kuunganishwa na taifa. Wafalme walilipwa posho mpaka mwaka 1971, ilipofutwa. Ndipo wengi walipogeuza majumba yao kuwa hoteli au makumbusho. Wajukuu wa Umaid Singh wangali wanakaa katika sehemu ya jumba lile, na sehemu nyingine hulala wageni wenye mali.

Mwisho twafika Jaisalmer, jangwani. Ngome yake ni ya mwaka 1156, ya jiwe la rangi ya asali, yenye minara 99 ukutani, na watu wangali wanaishi ndani yake: kama 3,000, wenye maduka, mahekalu, watoto wa shule na ng'ombe wanaolala njiani. Zamani akina mama walishuka kila siku mpaka ziwa la Gadisar, lililochimbwa nje ya mji, wakarudi na mitungi kichwani. Maji yaliyopandishwa kwa shingo ya mama hayakumwagwa ovyo. Kisha mabomba yakaja, na baada ya mabomba zikaja nyumba za wageni, kila chumba na bafu lake. Mitaro haikutosha kuyaondoa maji machafu. Yakapenya chini, yakalainisha udongo na jiwe dhaifu la kilima, na sehemu za kuta na minara zikabomoka. Ngome iliyostahimili mazingira makame zaidi ya miaka 800 sasa inaliwa na maji.

Mafundi wameanza kutengeneza mitaro na kuimarisha kuta. Wako wanaosema kwamba dawa ni moja tu, watu wote watolewe, ngome ibaki ya kutazamwa. Jamaa waliozaliwa humo, ambao baba zao waliilinda, hawataki kusikia neno hilo, nasi twawaelewa. Ngome bila watoto wanaocheza malangoni ingekuwa Fatehpur Sikri ya pili. Lakini kila bafu jipya laongeza maji chini ya kilima, na mlango wa nyumba ya wageni ndio unaowalisha wale watoto.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutashuka pwani, kusini mwa Mumbai, mpaka ngome ya Janjira, iliyozungukwa na maji ya chumvi pande zote, na ambayo hata hivyo ina mabwawa ya maji matamu ndani yake. Watawala wake, walioitwa Masidi, walikuwa watu wa asili ya Afrika, nao walikaa pale mpaka mwaka 1948.